Paka anayekojoa nje ya beseni: hatua tulizotumia kumrudishia Makala adabu yake

Februari 2024, vita vilipokaribia Sake, shangazi yangu alifika kwetu Ndosho, mjini Goma, na watoto wanne, mabunda mawili ya nguo na godoro la sponji lililofungwa juu ya chukudu, baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo. Usiku wa tatu paka wetu Makala, mweusi kama jina lake (kwetu makala ni makaa), alipanda juu ya godoro lile akakojoa katikati. Usiku wa tano akarudia. Asubuhi shangazi aliniita pembeni, akanishika mkono.

"Mwanangu, paka mweusi anayechagua kitanda cha mgeni si paka wa bure. Mtoeni kabla watoto hawajaugua."

Nilimwambia, "Shangazi, nipe wiki mbili. Asipoacha, tutaongea tena." Sikumbishia, maana alikuwa amepoteza nyumba na shamba, na hakuwa na deni la kuvumilia mkojo wa paka. Lakini niliogopa. Katika mji huu najua neno kama lile linaishia wapi: gunia, jiwe, na ziwa. Paka wengi wa Goma wameuawa kwa kosa la kuwa wagonjwa au kuwa na hofu. Ndiyo maana naandika haya kwa utaratibu, jinsi ningetaka mtu aniandikie mimi miaka iliyopita.

Ninaposema beseni, ninamaanisha chombo chochote chenye mchanga ambacho paka anafanyia haja ndani ya nyumba. Kwingine watasema paka atoke akachimbe uani. Sisi parseli zetu, yaani viwanja vyetu, ziko juu ya lava. Paka atachimba wapi kwenye jiwe? Nje kuna mbwa, kuna motari wa pikipiki, kuna sumu ya panya iliyotegwa na jirani. Beseni kwetu ni haja ya kweli.

Kabla ya yote: mikono chini

Usimpige. Usimshike shingo ukamsugua pua kwenye mkojo wake, hata kama ndivyo ulivyoona nyumbani kwenu tangu utoto. Paka haunganishi kipigo cha saa hii na mkojo wa saa mbili zilizopita. Anachojifunza ni kwamba wewe ni wa kuogopwa, na paka mwenye hofu hukojoa zaidi, tena mahali pa kujificha: nyuma ya kabati, ndani ya gunia la maharage, chini ya kitanda. Utakuwa umehamisha tatizo mahali usipoliona.

Hatua ya kwanza: hakikisha si ugonjwa, na uhakikishe leo

Hapa nitakaa kwa muda, kwa sababu hapa ndipo nilipompoteza Chui.

Chui alikuwa dume la kijivu, miaka mitatu, mnene. Jumamosi moja alianza kuingia na kutoka kwenye beseni. Anachuchumaa, anajikaza, hatoi kitu. Akatoka, akachuchumaa kwenye sakafu ya sima (saruji), yakatoka matone mawili. Tukadhani amefunga choo. Tukampa kijiko cha mafuta ya mawese. Jumapili akawa analia kwa sauti nzito ambayo sijawahi kuisikia tena, anajilamba chini ya mkia bila kuacha, kisha akatapika. Tulisema Jumatatu tutamtafuta veterineri. Jumatatu alfajiri alikuwa amelala ubavu chini ya meza, baridi.

Chui hakuwa amefunga choo. Mrija wake wa mkojo ulikuwa umeziba. Dume ana mrija mwembamba sana, na chembe ndogo kama mchanga, zikichanganyika na ute wa kibofu, zinatosha kuuziba kama kizibo. Mkojo ukikosa njia unarudisha sumu kwenye damu, figo zinaacha kazi, potasiamu inapanda, na moyo unasimama. Kuanzia kuziba kabisa hadi kufa ni siku moja, mbili, wakati mwingine tatu. Jike naye anaweza kuziba, ila ni nadra, kwa sababu mrija wake ni mpana na mfupi.

Kwa hiyo, kama paka wako ni dume na unaona haya: anachuchumaa mara nyingi bila kutoa mkojo au anatoa matone tu, analia akijikaza, anajilamba sana sehemu za siri, tumbo la chini ni gumu kama kuna chungwa ndani, anatapika au amekataa kula, acha kusoma. Mtafute veterineri sasa hivi, hata kama ni usiku, hata kama ni Jumapili. Usimbonyeze tumbo kujaribu kuutoa mkojo: kibofu kilichojaa kinaweza kupasuka. Veterineri atamlaza kwa dawa na kupitisha mrija mwembamba kufungua njia. Hakuna majani wala mafuta yanayofanya kazi hiyo.

Na jambo moja ambalo nakuomba ulishike: usimpe paka paracetamol. Najua ndiyo dawa iliyo karibu katika kila nyumba. Kwa paka ni sumu. Kidonge kimoja cha kawaida cha mtu kinatosha kumuua. Ini lake halina namna ya kuivunja dawa hiyo. Ibuprofen pia usimpe.

Kama mkojo unatoka, bado ugonjwa unaweza kuwapo. Angalia kama una wekundu wa damu. Angalia kama anakwenda mara nyingi na kutoa kidogo kidogo. Paka mzima hukojoa kama mara mbili hadi nne kwa siku. Paka mzee ambaye ghafla anakunywa maji mengi na kujaza beseni kila saa anaweza kuwa na kisukari au figo zilizochoka. Paka mwenye maumivu ya viungo anashindwa tu kuruka ukingo wa beseni. Na paka aliyewahi kuumia wakati anakojoa hulaumu beseni. Anasema moyoni mwake: pale panauma. Anakwenda kutafuta mahali pasipouma, na kitu laini kama godoro kinamvutia.

Kwa paka vijana, mara nyingi veterineri akipima mkojo hakuti vijidudu vyovyote. Kibofu kimevimba kwa ndani bila maambukizi, na kinachokiamsha mara nyingi ni wasiwasi wa maisha. Ndiyo maana sindano ya mbuzi inayouzwa kwenye famasi ya mifugo haimponyi. Inamwongezea hofu tu, na kipimo chake hakikupangwa kwa mnyama wa kilo nne. Ukienda kwa veterineri, beba mkojo. Osha beseni vizuri, likaushe, umwachie likiwa tupu. Wengi hukojoa humo wakikosa mchanga. Mimina kwenye chupa safi na uifikishe mapema, kabla haijakaa saa nyingi.

Chakula nacho kina neno hapa. Paka wetu wengi hula bugali (ugali) na ndagala kavu (dagaa), siku baada ya siku. Ndagala ina chumvi na mifupa, na paka kwa asili hanywi maji mengi. Mababu zake ni paka mwitu wa Afrika, wa nchi kame, waliozoea kupata maji kutoka kwenye nyama ya mawindo. Akila chakula kikavu mkojo wake unakuwa mzito, na chembe hupata nafasi ya kujijenga. Chemsha ndagala, mwaga maji ya kwanza yenye chumvi, chemsha tena na umpe pamoja na mchuzi wake. Sambaza mbichi, samaki wadogo wa ziwani, zikichemshwa bila chumvi, ni bora zaidi. Mchuzi usiwe na kitunguu wala kitunguu saumu, maana vyote vinaharibu damu ya paka. Weka maji kwenye bakuli pana, mbali na chakula na mbali zaidi na beseni, uyabadilishe kila siku hata kama bidoni (madumu) za maji ni za kununua. Paka hahitaji zaidi ya kikombe kimoja.

Hatua ya pili: amekojoa, au amerusha?

Haya ni mambo mawili tofauti na dawa zake ni mbili.

Anayekojoa huchuchumaa, na huacha dimbwi chini: sakafuni, kwenye nguo, kwenye godoro. Anayerusha husimama, anageuza mgongo kwenye ukuta au mlango, mkia juu unatetemeka, na mkojo kidogo unateremka ukutani. Huyo wa pili hana shida na beseni. Anaandika jina lake. Anawaambia paka wengine: hapa pana mwenyewe.

Kwa dume asiyehasiwa, hiyo ndiyo kazi yake, na mkojo wake unanuka kuliko wa wote kwa sababu homoni za kiume zinaongeza ndani yake kitu chenye salfa ambacho kikioza hutoa ile harufu inayokaba koo. Kumhasi ndiyo dawa. Madume takriban tisa kati ya kumi huacha au hupunguza sana, na ukimhasi kabla ya kukomaa, akiwa na miezi mitano au sita, mengi hayaanzi kabisa. Ila ahasiwe na veterineri, kwa dawa ya usingizi. Nimeona watu wakimfunga paka kwenye buti na kumkata kwa wembe. Tafadhali, usiruhusu hilo lifanyike nyumbani kwako.

Kama aliyehasiwa tayari anarusha, chungulia dirishani usiku. Mara nyingi kuna paka wa nje anayepita kwenye bati au kukaa chini ya dirisha. Ziba mwanya, funika dirisha hadi usawa wa macho ya paka, ondoa mabaki ya chakula uani yanayomvuta mgeni. Makala alikuwa anachuchumaa, kwa hiyo kwetu tuliendelea na hatua inayofuata.

Hatua ya tatu: kaa chini, tazama beseni kwa macho ya paka

Tulipofika hapa ndipo nilipoona aibu, kwa sababu jibu lilikuwa wazi. Kabla shangazi hajaja, beseni lilikuwa kwenye kona ya chumba kidogo cha nyuma. Chumba kile tuliwapa wageni, na beseni tukalisogeza barazani, kati ya jiko la makala na mahali watoto wanapochezea. Paka alikuwa akienda, anakuta moto, anakuta watoto wanamshika mkia. Usiku mlango wa baraza unafungwa. Alirudi kwenye chumba alichokijua, akatafuta kona yake, akakuta godoro limelala pale pale. Hakumchagua mgeni. Alikwenda chooni kwake.

Basi tazama haya.

Mahali: pawe kimya, paweze kufikiwa mchana na usiku, na paka awe na njia mbili za kutokea ili asibanwe na mtoto, mbwa au paka mwenzake. Pasiwe kando ya chakula. Kama umelazimika kulihamisha beseni, usiliruke kutoka chumba hadi chumba. Lisogeze hatua moja ndogo kila siku.

Ukubwa: hapa wengi tunakosea kwa sababu ya bidoni. Tunachukua bidoni ya manjano ya lita 20, tunaikata ubavu, tunasema beseni limepatikana. Kwa mtoto wa paka inatosha. Kwa paka mkubwa haitoshi. Chombo kinapaswa kuwa kirefu kama mara moja na nusu ya mwili wake kuanzia pua hadi mzizi wa mkia, yaani kama sentimita 65 au 70 kwa paka wa kawaida. Bidoni haifiki hapo. Anaingia, anageuka, matako yanabaki nje, mkojo unamwagika sakafuni, na wewe unasema paka ni mkaidi. Nunua beseni kubwa la plastiki la kufulia nguo, lile pana kabisa. Ukingo wa sentimita 15 unazuia mchanga kurukaruka. Kwa paka mzee au mwenye mimba kata sehemu moja ya ukingo ibaki chini, uisugue isimchubue.

Usilifunike. Kifuniko kinafungia harufu ndani na kumnyima kuona nani anakuja.

Idadi: kanuni ya wataalamu ni beseni moja kwa kila paka, na moja zaidi. Katika nyumba ya mbao ya vyumba viwili yenye watu tisa, najua kanuni hiyo ni ngumu. Lakini kama una paka wawili, jikaze upate angalau mawili, tena yawe mbali. Mabeseni mawili yaliyopangwa bega kwa bega, kwa paka ni moja. Mkubwa atakaa mbele yake na mdogo hatapita.

Usafi: toa kinyesi na mabonge ya mkojo kila siku, asubuhi na jioni ukiweza. Mimina mchanga wote na uoshe beseni kwa maji na sabuni ya kipande mara moja kwa wiki. Usilioshe kwa Dettol wala dawa nyingine inayogeuka nyeupe ikiguswa na maji: paka hujilamba miguu, na dawa za aina hiyo humdhuru. Plastiki ikishachunika sana kwa kucha hubeba harufu isiyotoka, ibadilishe.

Hatua ya nne: mchanga

Goma tuna bahati ambayo wenye paka wa miji mingine hawana, mchanga mweusi wa volkano uko kila mahali. Lakini si kila mchanga mweusi unafaa. Kokoto zile zenye matundu, zinazokata hata kandambili, zinaumiza nyayo, na paka akiumia mara mbili hatarudi. Chekecha. Mimi hutumia chekeche ya fundi wa sima ya matundu madogo. Kinachopita ndicho cha paka, kinachobaki narudishia njia. Kisha naosha mara moja ili vumbi litoke, naanika juani siku nzima juu ya bashi (turubai). Mchanga wa rundo la ujenzi uchukue kabla haujachanganywa na sima. Weka akiba kwenye gunia ndani ya nyumba, maana kwetu mvua haipumziki isipokuwa Juni hadi Agosti, na paka wengi huchukia kukanyaga mchanga uliolowa.

Unga wa mbao kutoka kwa seremala ni mzuri pia, tena kwa paka wengine ni mzuri zaidi: mwepesi, laini, unanyonya. Mwombe fundi ule wa mbao ghafi, usiwe wa mbao zilizopakwa vanishi au dawa ya mchwa. Uchekeche, maana misumari midogo hujificha humo. Ukinuka sana utomvu, uanike siku mbili.

Majivu hapana. Nyumba nyingi hutumia majivu ya jiko kwa sababu hayana bei na yanaua harufu. Yakilowa yanachoma ngozi, yakikauka yanaingia kwenye mapafu ya paka na yako.

Kina kiwe kama vidole vitatu vilivyolala. Na hujui paka wako anapenda nini? Muulize. Weka mabeseni mawili kwa siku nne, moja mchanga, moja unga wa mbao, uone lipi linachimbwa. Makala alichagua unga wa mbao siku ya kwanza, baada ya miaka miwili ya mimi kujivunia mchanga wangu. Ukitaka kumbadilishia, changanya kidogo kidogo kwa siku kumi. Ukinunua mchanga wa dukani, chukua usio na manukato. Harufu ya maua inayokupendeza wewe inamfukuza yeye.

Mwanamke mwenye mimba asishike beseni. Kinyesi cha paka kinaweza kubeba vimelea vya toksoplasma, na vinahitaji siku moja hadi tano nje ya mwili ndipo viweze kuambukiza. Kwa hiyo kutoa uchafu kila siku kunalinda nyumba nzima. Kama hakuna mwingine wa kufanya kazi hiyo, avae glovu na anawe mikono kwa sabuni. Mchanga uliotumika usitupwe kwenye bustani ya mboga wala ziwani.

Hatua ya tano: futa harufu, si kwa pua yako bali kwa pua yake

Unaweza kumtibu paka, ukampa beseni zuri, na akaendelea kukojoa pale pale kwa sababu tu pananuka choo. Pua yake inasikia mkojo ambao wewe umeshausahau.

Kwanza tafuta sehemu zote. Taa ndogo ya zambarau, ile ya kuchunguzia noti za dola, ni msaada mkubwa: zima taa usiku, pitisha karibu na sakafu, na mkojo uliokauka utang'aa kwa manjano au kijani. Niliazima moja dukani. Nilikuta madoa manne ambayo hakuna aliyejua.

Mkojo mbichi, kandamiza kwa kitambaa kikavu, usisugue. Mwagia maji baridi, kandamiza tena. Kisha tumia sabuni ya unga yenye enzimu. Soma kwenye pakiti, zipo zinazoandika. Enzimu ndizo zinazokula kile kinachonuka. Changanya kwa maji ya vuguvugu, si ya moto, lowesha doa lote na zaidi ya doa, acha nusu saa au zaidi, suuza. Kama huna, siki nyeupe kwa maji, nusu kwa nusu, kisha suuza na uache pakauke kabisa.

Javeli, maji ya kung'arisha nguo nyeupe, iache kando. Ninajua kwetu usafi ni javeli. Lakini javeli ikikutana na mkojo hutoa hewa inayochoma macho na kifua, na ikikutana na siki hutoa klorini, ambayo ni mbaya zaidi. Katika chumba kidogo kilichofungwa, mtoto au mwenye pumu anaweza kuumia vibaya. Dawa zenye amonia nazo hazifai, kwa sababu mkojo uliooza unanuka amonia. Utakuwa unamwandikia paka kibao cha choo.

Godoro la sponji ndilo gumu. La shangazi tulilitoa nje ya kava, tukalisimamisha juu ya mawe, tukamimina maji ya sabuni ya enzimu polepole hadi yakatokea upande wa pili. Tukalilaza, tukalikanyaga kwa miguu kama mtu anayekanyaga udongo, tukasuuza mara tatu. Siku mbili juani, na usiku tukaliingiza ndani. Harufu ilitoka. Tangu hapo kuna plastiki kati ya godoro na shuka. Sakafu ya mbao ina mianya inayokunywa mkojo: osha hivyo hivyo, ikikauka kabisa ipake rangi ya mafuta au vanishi. Usimrudishe paka hadi rangi ikauke na harufu yake itoke.

Mahali palipokuwa pa mkojo, mwekee bakuli la chakula. Paka hapendi kukojoa mahali anapokula.

Hatua ya sita: mfundishe upya katika nafasi ndogo

Kama bado anakosea, mpe chumba kimoja kidogo, au kona iliyozungushiwa mbao, kwa siku saba hadi kumi na nne. Ndani: beseni upande mmoja, chakula na maji upande mwingine, kitambaa cha kulalia. Hakuna zulia wala rundo la nguo. Nenda ukae naye mara kadhaa kwa siku, umsemeshe, umchane. Akishatumia beseni kila mara kwa wiki nzima, mfungulie nyumba kidogo kidogo, kwanza unapokuwapo.

Hatua ya saba: punguza hofu yake

Mei 2021, volkano yetu Nyiragongo ilipolipuka jioni ya tarehe 22 na ardhi ikatetemeka siku baada ya siku, wengi wetu tulikimbilia Sake, Minova au Gisenyi, na paka tukawaacha. Tuliporudi, jirani baada ya jirani alilalamika: paka anakojoa kitandani. Walidhani paka wanalipiza kisasi. Paka halipizi. Paka aliyeogopa hutafuta harufu ya mtu wake na kuichanganya na yake, kwa sababu hapo ndipo anapojisikia salama. Milio ya risasi usiku hufanya hivyo hivyo. Mgeni mpya, mtoto mchanga na kuhama nyumba pia.

Mpe mahali pa juu pa kukaa, ubao tu uliopigiliwa ukutani juu ya vichwa vya watoto. Mpe katoni ya kujificha yenye matundu mawili. Mlishe saa zilezile kila siku. Saa ya chakula ikiwa haibadiliki, mengine yanayobadilika anayavumilia. Watoto wafundishwe kwamba paka akiwa ndani ya beseni hashikwi. Mgeni asimfuate, amlishe. Ndivyo tulivyofanya. Nilimwomba shangazi awe yeye anayempa Makala sambaza jioni, kutoka mkononi mwake. Siku za kwanza aliziweka chini na kurudi nyuma. Siku ya tisa nilimkuta amekaa kwenye kigoda, paka kwenye miguu yake, anamsimulia mambo ya mbuzi wake walioachwa Masisi.

Hesabu wiki tatu hadi nne kabla ya kukata tamaa, na andika kwenye daftari kila siku: alikojoa wapi, saa ngapi, nini kilitokea nyumbani. Makala alikosea mara mbili katika wiki ya kwanza, mara moja katika ya pili, kisha basi. Kama daftari lako haliendi hivyo, au likienda vizuri kisha likarudi nyuma ghafla, usiongeze beseni wala mchanga. Rudi kwenye hatua ya kwanza, ukiwa na chupa ya mkojo mkononi.